Kaa Nyuma Mpaka Nikuite

Siku ya kuniaga, baada ya pilau na hotuba, kijana mmoja aliyeanza uinjilisti upande wa Picha ya Ndege, hapa hapa Kibaha, alinivuta pembeni akaniuliza: katika kazi hii, ni kosa gani mtu anaweza kulifanya asijue kama amelifanya? Nilimjibu kwa utani kwamba swali hilo akamuulize asiyejua. Alicheka, nami nikacheka, tukarudi kwenye soda zetu. Lakini swali halikurudi lilikotoka. Limekaa kwangu wiki kadhaa sasa kama mgeni asiyeaga, na kwa kuwa mstaafu hana la kusingizia, nimechukua kalamu.

Mambo ya vyeo sitayaandika. Mwinjilisti ana cheo kimoja, anaingia nacho na kutoka nacho. Mshahara nao tuuache, maana mnaoupokea mnaujua na wasioupokea hawatauamini. Nitaandika habari za kazi yenyewe, na hasa habari za mama mmoja wa Pangani, Pangani hii ya Kibaha, si ile ya Tanga. Nilikuwa na miaka hamsini na sita aliponifundisha jambo ambalo mimi nimekuwa nikiwakaririsha watoto wa kipaimara tangu ujana wangu.

Kwa msomaji asiye wa kanisa letu nieleze kidogo. Mchungaji ana usharika mzima, na usharika una mitaa mingi. Kwenye mtaa mmoja anafika mara moja kwa mwezi, zamani hata mara moja kwa miezi mitatu, na siku hiyo ndiyo watu hushiriki Meza ya Bwana, yaani mkate na divai. Siku nyingine zote mtaa ni wa mwinjilisti. Anahubiri, anafundisha, anazika, anapatanisha wenye ndoa, anaziba bati linalovuja, na anatunza madaftari. Ukiona kitu kinahitaji kufanywa na hakuna wa kukifanya, hiyo ni kazi ya mwinjilisti.

Mtaa wangu wa kwanza ulikuwa Kisarawe, ndani kidogo kutoka mjini. Nilifika na baiskeli, sanduku la bati na viatu vilivyonibana. Wakristo walikuwa wachache, karibu wote watu wa kuja: walimu, muuguzi, polisi wawili, na familia chache kutoka Singida na Iringa. Wenyeji ni Waislamu, wakulima wa mihogo, korosho na minanasi. Jirani wa kanisa alikuwa Mzee Kondo, Mwislamu safi, na yeye ndiye aliyekuwa akitunza ufunguo wa kanisa kwa sababu mtaa ulikuwa umekaa bila mwinjilisti kwa muda mrefu. Alinikabidhi ufunguo huo siku ile ile, akanionyesha mahali paa linapovuja, na akaniambia popo ameshawafukuza mara mbili lakini ni wabishi. Aliniita Padri. Nilipomsahihisha kwamba mimi ni mwinjilisti tu, alisema haya, Padri mdogo.

Aliyenifunza kazi ni Mwinjilisti Stefano, mzee aliyekuwa akimaliza utumishi wake mtaa wa jirani. Alikuwa mfupi, mkavu, na alipenda kahawa chungu kuliko mtu yeyote wa kanisa niliyepata kumjua. Kengele yetu ilikuwa ringi ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye nguzo, na Stefano alinifundisha kuigonga kwa nondo fupi, si ndefu, maana ndefu hukurudia mkononi. Alinifundisha kuzika mvua ikinyesha, na kuhubiri kwa ufupi anapolia mtoto wa mhubiri mwenyewe. Siku moja alinikuta nimekwenda kumtazama mgonjwa huku nimekumbatia daftari la washarika. Alilichukua, akalikalia, akanong'ona kwamba mgonjwa akiona daftari anadhani umekuja kumfuta.

Lazima niseme kwamba nilikuwa mtu wa madaftari. Wengine huvutwa na uimbaji, wengine na mahubiri. Mimi nilivutwa na mistari iliyonyooka. Nilikuwa na daftari la ubatizo, la ndoa, la vifo, na la nne lenye jalada jekundu, la waliotengwa. Lilikuwa na safu za jina, kosa, tarehe ya kutengwa, tarehe ya kurudi. Safu nilizichora mwenyewe kwa rula.

Katika kanisa letu mtu akianguka waziwazi, tuseme binti amepata mimba kabla ya ndoa, au mume ameongeza mke wa pili, alikuwa anatengwa. Kutengwa si kufukuzwa. Anakuja ibadani, anaimba, anatoa sadaka. Sadaka haikuwahi kutengwa. Ila haji Mezani. Hawezi kufunga ndoa kanisani. Mtoto wake atabatizwa akiletwa na mtu mwingine. Na akifa katika hali hiyo, kengele haigongwi wala mwinjilisti hamziki. Akitubu anasimama mbele ya watu wote, anaulizwa maswali, anapiga magoti, anaombewa, na hapo tunasema amerudi kundini. Desturi ya mitaa yetu, ambayo hadi leo sijaiona imeandikwa popote, ni kwamba waliotengwa hukaa benchi la nyuma.

Msinielewe vibaya. Utaratibu huu niliukuta na niliuheshimu. Nimeona wanaume waliokuwa tayari kuwaacha wake zao wakarudi nyumbani kwa sababu tu ya kuogopa lile benchi. Na huku tukifanya hayo, kila Jumamosi niliwafundisha watoto kwamba mtu hahesabiwi haki kwa matendo ya sheria bali kwa neema, bure, kwa imani. Walikariri vizuri sana. Mtoto akikosea neno nilimrudisha nyuma akaanze upya.

Baada ya Kisarawe nilihamishwa mara nyingi. Nilikaa Soga miaka minane, wakati huo hakuna aliyekuwa akiota treni ya umeme, na kesi ngumu kuliko zote nilizipata huko. Alifariki mzee mmoja aliyekuwa na wake wawili, na jina lake lilikuwa kwenye jalada jekundu. Mwanawe alikuja kwangu asubuhi. Alijua utaratibu kwa hiyo hakuomba ibada wala kengele, aliomba jembe la kanisa la kuchimbia kaburi. Nilimpa jembe. Jioni alilirudisha akiwa amelisafisha vizuri, akasema asante Mwinjilisti, shikamoo. Niliitikia marahaba na nikalala nikijiona mtu mwenye msimamo.

Pangani nilipelekwa nikiwa nimebakiza miaka mitano ya kazi. Ni mtaa mzuri, wenye watu wa kila namna: wakulima wa zamani, wafanyakazi wa ofisini wanaowahi Dar alfajiri, na fundi ujenzi kila nyumba ya tatu. Siku ya kwanza nilimwona mama mmoja akipiga pasi vitambaa vya madhabahu. Alikuwa na pasi ya mkaa, na alikuwa akiijaribu kwanza kwenye kanga yake kabla haijagusa kitambaa cheupe. Alinisalimu akaniangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Nilidhani ananipima kama mwinjilisti mgeni anavyopimwa. Waliniambia ni Mama Daudi, mke wa fundi wa matofali.

Jumapili ya Meza ya Bwana mama huyo huyo, aliyetandika meza ile kwa mikono yake, nilimwona kwenye benchi la nyuma. Hakuinuka. Nilishangaa. Nilimuuliza Mzee Lameck, kiongozi wa wazee wa kanisa, mtu mnyofu aliyewahi kuwa karani wa mahakama. Alinijibu kwamba mama huyo alikuja amekwisha kutengwa. Alipohamia Pangani aliingia kanisani na kwenda moja kwa moja kukaa nyuma, wakaelewa. Nilimuuliza ni kwa kosa gani. Mzee Lameck alisema kosa la zamani hivyo ni nani atakwenda kulichimbua. Nikaona ana busara, nikaacha. Ndivyo udadisi wangu ulivyokuwa, ukifika penye kazi unakaa chini.

Ulipita mwaka na kitu. Ijumaa moja alasiri Mama Daudi alikuja ofisini, chumba kile chenye meza na kabati, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Alisema ana uvimbe tumboni, madaktari wamempangia upasuaji mwezi unaofuata. Nikampa pole na nikaanza kusema tutamwombea. Alinisubiri nimalize.

"Mwinjilisti," alisema, "mimi nauliza kitu kimoja tu. Nikifa, mtanizika?"

Nilifanya ninachojua. Nikafungua kabati, nikatoa jalada jekundu la Pangani ili nione kosa lake na tuanze taratibu za kumrudisha kundini kabla ya upasuaji. Nilipitia ukurasa kwa ukurasa. Hakuwemo. Nikatoa la zamani lililoliwa pembe na mchwa. Hakuwemo. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayedhani amepata njia, kwamba huenda alitengwa mtaa aliotoka, anitajie tu ni wapi na ni nani aliyemtenga.

Aliniangalia kama alivyoniangalia siku ya kwanza.

"Si ni wewe?"

Alinieleza taratibu, kama anamweleza mtoto. Alikuwa na miaka ishirini na moja, ametoka Singida, amefikia kwa mjomba wake Kisarawe. Jina lake wakati huo lilikuwa Yusta tu, hajawa mama wa mtu hapa. Alikuja kanisani Jumapili ambayo mchungaji alikuwepo. Mwinjilisti kijana mwembamba alisimama mlangoni na daftari, akamuuliza barua ya utambulisho kutoka usharika wake. Hakuwa nayo, ilikuwa itumwe kwa posta. Mwinjilisti akamwambia: kaa pale nyuma mpaka nikuite.

"Nikakaa," alisema.

Nilimuuliza kwa nini hakuniuliza wiki iliyofuata, au mwezi uliofuata. Aliviringisha ncha ya kanga kidoleni, kisha akasema jambo ambalo mumewe tu ndiye alikuwa akilijua. Kule Singida alizaa mtoto kabla ya kuja huku. Mtoto hakuishi hata wiki mbili. Alipoona majuma yanapita na haitwi, akajua barua imefika na imeeleza yote. Akaona adhabu ni ya haki. Mtu aliyetengwa hajiiti mwenyewe, alisema, anangoja aliyemweka.

Aliolewa bomani kwa sababu hiyo. Daudi alipobatizwa, shangazi yake ndiye aliyembeba mbele, na mama mwenyewe alitazama kutoka nyuma, akinyoosha shingo kwa sababu mtu aliyekaa mbele yake alikuwa mrefu. Na nilipopangiwa Pangani, akaniambia, alifurahi sana. Alidhani nimekuja kumwita.

Sikumkumbuka. Nataka hili lieleweke vizuri, maana ndilo jibu la yule kijana. Nilimtazama usoni nikitafuta binti wa Singida na sikumwona. Nilikuwa nimesema neno moja mlangoni, kati ya niliyowaambia watu ishirini siku hiyo, nikaendelea na kazi. Nikahamishwa, nikaoa, nikazaa, nikapata mvi. Yeye alibeba neno lile miaka ishirini na tisa.

Jumatatu nilikwenda Kisarawe. Kutoka Pangani unaweza kuzunguka na Dar, lakini nilikodi bodaboda tukakata kwa ndani, na vumbi la njia ile nadhani liko masikioni mwangu mpaka leo. Sikwenda kwa majuto, niseme kweli. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kujua. Barua ilikuja au haikuja? Ilisema nini? Kama ilieleza habari za mtoto yule, nilijiambia, basi nilikuwa na sababu. Nilikuwa bado natafuta mahali pa kusimama.

Kanisa limejengwa upya. Mwinjilisti wa sasa hakujua lolote kuhusu mafaili ya zamani, akanielekeza kwa jirani. Mzee Kondo alikuwa hai, macho yamefifia lakini sauti ile ile. "Padri mdogo umezeeka," alisema, na akafurahi kweli. Wakati wa kubomoa kanisa la zamani, makaratasi yalitaka kuchomwa na yeye akayachukua, akayafunga kwenye mfuko wa mbolea na kuyaweka darini kwake. Nilimuuliza kwa nini alihangaika na karatasi za kanisa. Alisema zilikuwa na majina ya watu.

Tuliketi barazani kwake na mfuko ule nikaeleza ninachotafuta. Alisikiliza, akauliza maswali ya mtu anayetaka kuelewa kweli. Huyo mama alikuwa anaswali na nyinyi? Ndiyo. Anafunga nanyi, anatoa? Ndiyo. Ila chakula hapewi? Nikasema si chakula hasa. Alifikiri kidogo, akasema kwao nako mambo ya namna hiyo yapo, mtu anawekewa kamba na binadamu mwenzake halafu inaitwa ya Mungu. Akaniachia nipekue.

Barua niliipata baada ya adhuhuri. Ilikuwa imetobolewa matundu mawili sawasawa, mistari yangu ya rula juu yake, na neno "Imepokelewa" kwa wino mwekundu, kwa mwandiko wangu, na sahihi yangu. Ilikuwa imefika majuma matatu baada ya Jumapili ile. Ilikuwa fupi kuliko nilivyotegemea. Ilisema kwamba Yusta ni mshirika wetu, amebatizwa na kupata kipaimara hapa, amepita katika huzuni, nasi tumekwisha kuomba pamoja naye. Mpokeeni.

Niliisoma mara nyingi. Nimejaribu tangu siku ile kukumbuka ni nini kilinizuia kutoka kwenye kiti, kwenda kwa mjomba wake na kusema njoo. Labda nilikuwa na homa, labda mchungaji alikuwa akitarajiwa. Sikumbuki, na imenibidi nikubali kwamba labda hakuna kilichonizuia. Barua ilipoingia kwenye faili nilihisi kazi imekwisha. Nililia pale barazani, na Mzee Kondo akaenda ndani kuleta maji na akachelewa kwa makusudi.

Niliporudi tulikutana watatu, mimi, Mzee Lameck na mchungaji wetu. Mchungaji Anna ni mdogo sana kwangu kwa umri; nilimfundisha kipaimara mwenyewe nikiwa Soga, na alikuwa miongoni mwa waliorudishwa kuanza upya. Niliweka barua mezani nikaeleza yote, isipokuwa la yule mtoto, ambalo halikuwa langu kulitoa. Mzee Lameck alihuzunika waziwazi. Lakini alisema lazima mama arudi kundini kwa utaratibu, asimame mbele, aulizwe, apige magoti, ili washarika waone. La sivyo, wale wengine wanne wa benchi la nyuma nao watainuka, na tutawaambia nini?

"Tumrudishe kutoka wapi, baba?" Mchungaji aliuliza. "Hakuwahi kutoka."

Mzee Lameck hakuwa mtu mbaya, na hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema alipokuwa mahakamani aliona kinachotokea mahali ambapo kila mtu anajihurumia mwenyewe. Sheria ni uzio, alisema, na uzio si adui wa mbuzi. Nilijikuta nakubaliana naye nusu. Nikasema bahati nzuri hapa hakukuwa na kosa, kwa hiyo hatuvunji kitu chochote, ni usahihisho wa kumbukumbu tu. Niliona nimetoa suluhisho zuri.

Mchungaji Anna alinigeukia. Sikujua kama alihisi kuna jambo nimelificha, au aliuliza tu.

"Mwalimu, na kama kungekuwa na kosa? Barua ingekuja imeandika kosa, halafu chini yake mpokeeni. Ungemwita?"

Alikuwa akiniita Mwalimu tangu utoto. Nilijijua nilivyokuwa na miaka ishirini na saba, na rula yangu. Ningelichora lile kosa kwenye safu yake, na neno la mwisho la barua nisingelisoma kabisa.

"Nisingemwita," nikasema.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikwenda Kisarawe kutafuta kitu kisicho sahihi. Nilitaka kujua kama Yusta alikuwa na hatia. Awe na hatia au asiwe nayo, barua ilikuwa ile ile. Wale watu wa Singida walijua yote, na waliandika neno moja. Mtume yule wa maneno niliyowakaririsha watoto, aliyewakemea waliotaka kurudi chini ya torati alikuwa akinikemea mimi, na mimi miaka yote nilidhani anawasema watu wa zamani. Mzee Lameck alisema yeye hatapinga, ila haelewi. Nilimwambia tuko wawili.

Jioni hiyo nilikwenda kwa Mama Daudi na barua. Nilidhani atafurahi. Nilimwomba msamaha, nikiwa nimesimama, kisha nikaona kusimama hakufai nikapiga magoti kwenye sakafu ya sebule, mumewe akatazama pembeni kwa aibu. Alisoma barua polepole. Alipofika mwisho akairudia.

"Kwa hiyo siku yoyote ningeweza kuinuka nikaenda?"

"Ndiyo, mama."

"Daudi ningembeba mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Sasa nilikuwa nalipia nini?"

Hakupiga kelele. Alikunja barua, akanirudishia, akasema niende. Aliongeza kwamba nikitaka kumzika nimzike, nisipotaka niache, yeye hataki tena kujua. Nilitoka. Katika mahubiri yangu yote kuhusu neema sikuwahi kufikiria kwamba inaweza kumkasirisha mtu. Lakini chukua mtu aliyetumikia kifungo miaka ishirini na tisa kwa unyenyekevu, akipiga pasi vitambaa ili labda itoshe, halafu mwambie mlango haukuwa umefungwa. Umemnyang'anya hata ile heshima ya kuvumilia. Nilikuwa sijui hilo, na sidhani kama liko katika mafunzo yetu.

Jumapili zilizofuata hakuja. Mchungaji alikwenda kumpelekea Meza nyumbani kabla ya upasuaji, akakataa kwa adabu. Siku ya upasuaji nilikaa nje ya wodi na Baba Daudi tangu asubuhi. Yeye alikuwa akisugua simenti kavu kwenye kucha zake. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kwa ajili ya mtu asiye wa nyumba yangu. Niliogopa afe kabla ya kushiriki Meza, na niliogopa zaidi kwamba hofu hiyo yenyewe ilikuwa bado ni sheria, kana kwamba Mungu naye anamngoja mlangoni na daftari. Saa nane daktari alitoka akasema uvimbe umetoka wote na haukuwa wa hatari. Baba Daudi alinishika mkono akautikisa mpaka ukauma.

Vitambaa vya madhabahu nilivipiga pasi mimi kwa miezi minne, na nilikiunguza kimoja. Wale wanne wa benchi la nyuma nilikwenda nyumba kwa nyumba kuzungumza nao, mmoja mmoja, bila daftari. Mmoja alinifukuza. Wawili walilia. Mmoja, bwana mwenye wake wawili, tulizungumza mara sita na hatujamaliza, na sitawadanganya kwamba najua la kumwambia. Mzee Lameck alifuatana nami mara zote sita. Kuna siku njiani alisema bado haelewi, lakini anapenda kutembea.

Jumapili moja ya Meza ya Bwana, mwezi wa tano baada ya upasuaji, nilikuwa nimeshika trei ya vikombe nikimfuata Mchungaji Anna anayegawa mkate. Watu walikuwa wamepiga magoti mbele. Sikuwa nimemwona akiingia. Sikuwa nimemwita, nilikuwa nimekoma kumwita, maana aliniambia niende. Niliinua macho nikamwona amepiga magoti wa tatu kutoka mwisho, amekonda, amejifunga kitambaa kipya kichwani, na Daudi, mwanamume mzima mwenye ndevu, yuko kando yake.

Mchungaji alimpa mkate akapita. Zamu yangu ilifika. Trei ikaanza kutetemeka, vikombe vikawa vinagongana, na kanisa zima likawa linasikiliza vile vioo.

Mama Daudi aliinua mkono wake mmoja, akaishika trei kwa chini.

"Shika vizuri, Mwinjilisti," alisema polepole. "Nimeingoja sana hii. Usiimwage."